Semeni Hakuangalia Chini: Wasifu wa Magreth Semeni Maneno, 1974–2025

Mama tunayemlaza leo alizaliwa Ijumaa, tarehe 3 Mei 1974, katika kijiji cha Mbete, kwenye mteremko wa Uluguru unaoutazama mji wa Morogoro. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa marehemu Mzee Maneno Kobelo na Mama Mwanahawa, wa ukoo wa Wamwenda. Alizaliwa shambani, mama yake akiwa anapalilia maharage, na kwa kuwa mvua za masika zilikuwa hazijakatika, aliletwa nyumbani amefunikwa jani la mgomba. Jina la Semeni alipewa na bibi mzaa mama. Jina la Magreth alipewa siku ya ubatizo wake, mwaka 1981. Nyumbani na mtaani aliitwa Semeni, na ndivyo atakavyoitwa katika karatasi hii.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia mwaka 1983 hadi 1989. Alipenda hesabu na kuchora. Nafasi ya sekondari haikupatikana. Mwalimu wake wa darasa la saba aliandika kwamba ni mtoto mtulivu, na ndugu zake walicheka sana, kwa sababu nyumbani alikuwa hanyamazi.

Mwezi Januari 1990, akiwa na miaka kumi na mitano, alianza kushusha mboga mjini pamoja na wanawake wa Mbete. Waliondoka kungali giza, tenga kichwani juu ya ngata ya jani la mgomba, wakateremka kwa njia ya mawe inayoteleza hata wakati wa kiangazi. Semeni alibeba kabichi, karoti, na maua wakati wa sikukuu. Alifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na hakuwahi kuangusha tenga. Majirani waliokuwa na mayai ya kupeleka sokoni walimpa yeye ayaweke juu ya kabichi zake. Hakuna mwingine aliyepewa mayai.

Mumewe, Bwana Thadei Mbena, fundi baiskeli wa Kilakala, alimfahamu kwa ajili ya tenga hilo. Siku moja ya mwaka 1995 alimsimamisha barabarani akaomba amsaidie mzigo. Semeni alimtazama kuanzia kandambili hadi kofia, akamtwika. Thadei alikwenda hatua kumi na moja. Kabichi zilibingirika hadi kwenye mtaro, na wanafunzi waliokuwa wakipita wakazikimbiza. Semeni alisema, "Kaka, wewe kaa na baiskeli zako." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 24 Agosti 1996. Mungu aliwajalia watoto wawili, Benedikto, aliyezaliwa 1997, na Mwanvita, aliyezaliwa 2001. Thadei hakubeba kabichi tena.

Mwezi Machi 2010 Semeni alipata kazi ya upishi katika kambi ya wajenzi wa barabara karibu na Dumila. Alirudi Kilakala kila mwisho wa wiki. Kambini alikuwepo fundi mitambo kutoka China, mtu mzima wa makamo, aliyeitwa Bwana Liu. Mwezi Februari 2011, Wachina waliposherehekea mwaka wao mpya, Bwana Liu alitoka na mwanzi wa mita tisa, ameuvalisha kitambaa chekundu, juu yake mwavuli wa matabaka matatu, bendera ndefu na njuga tisa. Aliurusha, akaupokea kwa kiganja, kisha kwa kiwiko, kisha kwa paji la uso, na mikono yake miwili ikabaki imening'inia ubavuni kama ya mtu anayesubiri basi. Alieleza kwamba zamani, huko kwao, wanaume waliobeba bendera za misafara ya wakubwa ndio walioanza kushindana hivyo. Kwao mchezo huo unaitwa zhongfan. Hapa Morogoro uliitwa mlingoti, basi.

Semeni alikuwa ameshika mwiko. Alisema, "Hiyo tu?"

Bwana Liu akampa. Mlingoti ulianguka juu ya paa la stoo.

Watu waliomwona siku za mwanzo wanakumbuka kosa lake, na ni kosa ambalo mwanamke wa Mbete peke yake angelifanya. Alisimama kama mbeba tenga. Shingo aliikaza, macho aliyapeleka mbele, akasubiri mzigo utulie. Bwana Liu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na gereji, alimwambia, "Mama, hii si kabichi. Kabichi inakaa. Hii inatembea." Ilimchukua miezi saba kusahau alichokijua kwa miaka ishirini. Alijifunza kulegeza shingo, kuiacha miguu ifuate, na kutazama kilele. Anayebeba mlingoti hutazama kilele wakati wote. Akitazama chini, hata kwa kupepesa, mlingoti umekwenda. Na ukishakwenda haushikwi, mtu husogea pembeni akauachia uwanja.

Bwana Liu alirudi kwao Desemba 2012 akamwachia Semeni zile njuga tisa. Vitambaa Semeni alivinunua mjini, katika duka la Bwana Bharat, na mke wa Bharat, Bi. Shobha, ndiye aliyeshona. Bharat alimuuliza, "Semeni, bendera hii ya nchi gani?" Akajibu, "Ya Mbete." Bharat akasema, "Basi mke wangu atakuwekea kabichi." Walidhani ni mzaha, lakini Shobha aliitarizi kabichi kwa uzi wa kijani, yenye majani saba, na ikabaki hapo hadi leo.

Mwaka 2013 alianzisha kikundi katika kiwanja cha Kilakala. Wasichana walikuwa tisa, na Mwanvita alikuwa mmoja wao, mwenye miaka kumi na miwili. Kikundi kilicheza kwenye harusi, kwenye mahafali, Mzumbe mbele ya wanafunzi mara mbili, na kila mwaka kuanzia 2014 kwenye maonyesho ya Nane Nane. Mwanzi aliukata mwenyewe milimani. Aliukata kiangazi kikishakolea, mwezi ukiwa haupo angani, kwa sababu watu wa Uluguru wanajua kwamba mwanzi uliokatwa mwezi mpevu una maji matamu na dumuzi, wale wadudu wanaotoboa na kuacha unga, wanaupenda. Kisha aliutundika darini kwa jiko, kivulini, miezi minane. Akiwaona wasichana wanakosa subira aliwaambia, "Mkitaka cha haraka, chezeni na ufagio."

Tarehe 8 Agosti 2019, kwenye Nane Nane, mlingoti ulivunjika ukiwa kwenye paji lake la uso. Ulikuwa wakati wa kumpokeza Mwanvita, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa aupokee mbele ya watu. Semeni alisogea pembeni kama alivyofundishwa, lakini mlingoti uliovunjika katikati una njia mbili za kuangukia. Kipande cha juu kilimpiga kwenye mtulinga wa kushoto. Mfupa ulivunjika mahali pawili, na mkono huo haukuinuka tena kupita bega. Hakuna mwingine aliyeumia. Wale waliokuwa mbali waliona mlingoti ukianguka tu. Walipomuuliza, Semeni alisema, "Niliangalia chini." Alisema hivyo kwa waandaaji, kwa wazazi wa wasichana, kwa mumewe, na kwa kila aliyekuja kumpa pole. Walipomwambia kwamba mwanzi ulionekana umevunjika, alijibu kwamba ulivunjika kwa kupiga ardhi.

Tangu hapo maonyesho hayakumwita. Wazazi wanne waliwatoa binti zao. Mbete, ambako walimpa mayai, walisema mjini kumemharibu. Mtaani kulikuwa na watu waliomsalimu, "Mama, angalia juu," naye akaitikia na kucheka nao. Aliendelea kuwafundisha wasichana wanne waliobaki, akiwa amekaa kwenye stuli, akiwaelekeza kwa mkono wa kulia. Mwanvita hakurudi kiwanjani. Alijifunza kushona kwa Bi. Shobha, na hiyo ndiyo kazi yake.

Mwezi Novemba 2023 Semeni aligundulika kuwa na shinikizo la damu ambalo lilikuwa limekwisha kuathiri figo. Alitibiwa Morogoro, na kuanzia Februari mwaka huu alisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Benedikto, ambaye ni dereva na anaishi Dumila, alikuja kila Jumanne kumpeleka. Mwanvita alimpeleka Ijumaa. Mwezi Agosti alisema amechoka na akaomba apikiwe magimbi. Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 11 Septemba 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nyumbani Kilakala, akiwa na mumewe na binti yake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Hapo ndipo wasifu huu ulipokuwa unaishia, na kaka wa marehemu, Bwana Fidelis Maneno, alikuwa tayari kuupeleka kuchapwa jana mchana. Ratiba imewafikia leo ikiwa bado ina joto la mashine. Kilichoichelewesha kitaelezwa, kwa uamuzi wa ukoo na wa mfiwa, Bwana Thadei, kama kilivyotokea.

Jana alasiri watani wa ukoo walifika, wakiongozwa na Bi. Mwanaasha, na walifanya kazi yao kama inavyotakiwa. Waliteka sufuria la maharage. Waliwafukuza waombolezaji kwenye jamvi wakakaa wao. Kisha Bi. Mwanaasha alivaa kitenge cha marehemu, akachukua mchi wa kinu, akausimamisha kwenye paji la uso, akautazama, akatazama chini kwenye miguu yake, akauachia. Ulianguka uani kwa kishindo.

"Niliangalia chini, jamani," akasema kwa sauti ya Semeni. "Nilikuwa natafuta kandambili zangu."

Watu walicheka, hata wafiwa walicheka. Bi. Mwanaasha aliuokota mchi, akaanza tena.

"Mizigo yote ya Mbete huyu kaishusha salama. Mayai ya watu kayafikisha. Kaja kushindwa na kijiti cha Mchina. Kwa nini? Kaangalia chini."

Mwanvita alikuwa miongoni mwa wanawake waliokuwa wakimenya ndizi. Tangu Alhamisi alikuwa amemenya ndizi, amechota maji, amekunja nguo za mama yake, amehesabu vikombe, na hakuwa ametoa chozi. Waliomtazama kwa kumshangaa wasimshangae. Mwenyewe alimwambia shangazi yake kwamba anasikia sauti za watu kama zinatoka nyumba ya pili. Alipoona mchi unaanguka mara ya tatu, aliweka kisu juu ya maganda, akaenda akaushika.

"Bi. Mwanaasha, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Rudi ukamenye, huu ni utani, hauna kesi."

"Najua ni utani. Lakini mama hakuangalia chini."

"Alisema mwenyewe."

"Alisema. Hakuangalia."

Bi. Mwanaasha alimtazama, akavua kile kitenge, akakikunja. Alikwenda naye mlangoni kwa jiko, ambako walikuwa wamekaa Bwana Thadei na Bwana Fidelis, na mbele yao Mwanvita alisema jambo lifuatalo. Alilisema taratibu, kama mtu anayetoa maelekezo ya njia.

Mwezi Julai 2019 mwanzi wa kikundi ulipata ufa. Semeni alikuwa Mbete akimuuguza mama yake mzazi, akaagiza Mwanvita achukue mwingine uliokuwa umetundikwa kwa mama mdogo, uliokauka tayari. Mwanvita alipokwenda akakuta umekatwa, umefanywa vijiti vya kuegemezea migomba. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Hakumwambia mama yake. Alishuka mtoni, akakata mwanzi mbichi, mwezi ukiwa mpevu kabisa, akauanika juani kwenye bati. Ulionekana mzuri, umenyooka. Jioni ya tarehe 7 Agosti, alipokuwa akiuvalisha kitambaa, aliona unga kwenye kiganja. Aligeuza mwanzi akaona kitundu, na kingine. Aliupuliza ule unga, akaviringisha kitambaa, akafunga. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya yeye kupokea.

"Nilijua ni dumuzi," alisema. "Sikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na minane."

Bwana Fidelis alimuuliza kama mama yake aliwahi kujua.

Alijua. Mwezi Juni 2022 Mwanvita alikuwa akimsuka, kwa kuwa mkono wa kushoto ulikuwa haufiki kichwani, akasema akiwa nyuma yake, "Mama, ule mwanzi ulikuwa na dumuzi."

Semeni alisema, "Usinivute hivyo, naumia." Halafu akasema, "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu uko kwenye paji langu. Mwanzi mzima ukipinda unarudi. Ule ulipinda ukakaa. Mpaka njuga zilinyamaza."

"Kwa nini ulisema uliangalia chini?"

"Ningesema umevunjika, wangeuliza nani aliukata."

Kisha akamwomba amalizie nywele, kwa sababu wasichana walikuwa wanakuja saa kumi. Hawakulizungumza tena. Mwanvita alitaka kuwaambia watu, mama yake akamkataza asiseme maadamu yeye yu hai, akamwambia kwamba jina ni lake yeye mama na anaweza kulitumia anavyotaka.

Bi. Mwanaasha ndiye aliyesema kwanza. "Semeni ametuweza. Mtu unamcheka miaka sita, naye ukweli anao, anakuachia tu ucheke." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

Mwanvita alimwambia mjomba wake, "Naomba iandikwe kwenye wasifu."

"Mpwa wangu, wasifu si mahakama."

"Siombi kuhukumiwa, mjomba. Naomba watu wajue hakuangusha. Alikuwa hajawahi kuangusha kitu."

"Isomwe makaburini? Mbele ya watu wote wa Mbete, mama yako yuko kwenye jeneza, nawe umesimama hapo?"

"Ndiyo."

"Unajua watakavyokutazama?"

"Watatazama. Yeye walimtazama."

Bwana Fidelis alimgeukia shemeji yake. Bwana Thadei alimuuliza binti yake swali moja, "Huo unga ulikuwa mwingi?"

Mwanvita alinyoosha kiganja akaonyesha. "Ulijaa hapa."

Bwana Thadei alikitazama kile kiganja. Kisha aliuliza kama maji ya wageni yamechotwa. Akaambiwa bado mapipa mawili. Akatoka kwenda kuchota. Wazee wa ukoo walikaa hadi magharibi. Wengine walisema jambo la mama na mwanawe libaki ndani ya nyumba. Wengine walisema mtu anayezikwa katika ardhi ya ukoo wake azikwe na jina lake kamili. Waliamua liandikwe, wakamwachia mfiwa aseme la mwisho. Mfiwa alikuwa amelala.

Kwa hiyo ijulikane kwa ndugu wa Mbete, majirani wa Kilakala, wazazi waliowatoa binti zao, na wote waliomsalimu kwa mzaha. Tarehe 8 Agosti 2019 marehemu Magreth Semeni Maneno hakuangalia chini. Mwanzi ulikuwa mbovu, naye hakuuchagua. Alisema alilolisema kwa kumficha mwanawe, na alilisema miaka sita bila kulibadilisha. Wasichana wake wanne, ambao ni Judith, Yasmin, Rumana na Pili, wamekuwa wakifundishwa na mtu ambaye hakuwahi kukosea mlingoti kwenye maonyesho hata mara moja. Bi. Mwanaasha, kwa niaba ya watani, ameomba abebe msalaba mbele ya jeneza kutoka barabarani hadi kaburini, na amekubaliwa.

Leo asubuhi, saa moja kasorobo, Bwana Fidelis alipokuwa anatoka na karatasi hizi kwenda kuzichapisha, Bwana Thadei alimwita arudi. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, amevaa shati la mazishi.

"Kwenye majina ya tuliobaki," akasema, "umeanza na nani?"

"Nimeanza na wewe, shemeji. Ndiyo kawaida."

"Anza na Mwanvita."

Bwana Fidelis alimuuliza mara ya pili ili awe na hakika. Bwana Thadei akasema, "Mwanvita. Halafu mimi."

Hilo ndilo likawa neno la mwisho la mfiwa.

Marehemu ameacha binti yake, Mwanvita Thadei, mume wake, Thadei Mbena, mwanawe, Benedikto Thadei, na mkwe wake, Mwanaidi, mama yake mzazi, Mama Mwanahawa wa Mbete, kaka zake wawili na dada zake watatu, wajukuu wawili, na wasichana wanne wa kiwanja cha Kilakala.

Ee Bwana, mpokee Semeni, umpe pumziko na amani yako. Amina.